Mtoto Asomapo, Nani Amsikiliza?



Maneno yangu ya leo ni juu ya shule za serikali na namna ufundishaji ulivyobadilika. Najua wako watakaokunja uso waseme: hilo nalo ni la masheikh? Sheikh na atueleze swala na funga, mambo ya shule awaachie wenyewe. Mimi nami hivyo ndivyo nilivyokuwa nikisema, na kwa miaka mingi nilipita mbele ya shule nikasikia watoto wakiitikia kwa sauti moja, nikaenda zangu msikitini nikiamini kwamba humo ndani kazi yafanyika. Yamenifika mambo yaliyonifanya nibadili kauli, na hayo ndiyo nitakayokusimulia.

Nimezaliwa Pangani, nikasoma chuoni Pangani, kisha madrasa mjini Tanga, lakini riziki ilinivuta bara. Miaka zaidi ya thelathini sasa nafundisha watoto hapa Nyahanga, kata moja ya mji wa Kahama, mkoa wa Shinyanga. Kwa asiyepajua, Kahama ni mji wa njia kuu: malori yaendayo Rwanda na Burundi hupita hapa, mpunga huuzwa hapa, na dhahabu imetuzunguka. Mgodi wa Buzwagi, uliotoa dhahabu kuanzia mwaka 2009 hadi ulipofungwa mwaka 2021, ulikuwa mlangoni petu. Bulyanhulu hauko mbali, na ukiendelea mbele wafika Geita. Waislamu si wengi kama huko Pwani, lakini misikiti ipo na watoto wapo, alhamdulillahi.

Siku moja ya mwezi wa Januari, miaka miwili iliyopita, tumekwisha swali Alasiri, alinijia mama mmoja wa mtaani kwetu na mwanawe nyuma yake. Mumewe huyo mama yuko machimboni upande wa Geita, huja nyumbani mara mbili tatu kwa mwaka. Mkononi ameshika karatasi zilizobanwa pamoja. Akaniambia, na furaha imemjaa usoni: "Sheikh, mwanao amefaulu. Hizi ndizo karatasi za kuingilia kidato cha kwanza. Nisomee, nijue natakiwa kununua nini." Yeye mwenyewe hakupata kusoma, wala hilo si aibu yake, kwani alikulia kuchunga ng'ombe.

Nikaona afadhali furaha iwe kamili. Nikamwambia kijana: "Chukua wewe, msomee mama yako." Akazipokea. Akazitazama kama mtu atazamaye jua. Akaanza kutaja herufi moja moja, hii na ile, na kuziunganisha asiweze. Mama akadhani aona haya mbele yangu, akambembeleza: "Soma, baba, soma." Jasho likamtoka mtoto. Mwisho akaniangalia mimi, na macho yale, ndugu msomaji, sijayasahau hadi leo. Amesoma miaka saba. Amefanya mtihani wa taifa. Ameandikiwa kwamba amefaulu. Na neno "sare" hawezi kulisoma.

Hasira ikanipanda. Nikataka kusema, tazama shule hizi, tazama walimu hawa! Lakini kabla ya neno kutoka, nikakumbuka kwamba mtoto huyu amekaa kwangu madrasani miaka minne. Nikachukua msahafu, nikaufungua katikati, Suratun-Nahl, nikamwekea kidole kwenye mstari. Akanyamaza. Nikamwambia basi nisomee Tabaraka kwa moyo. Akaimimina yote kama maji, hakukosea hata irabu.

Hapo nikafahamu. Mtoto huyu ana sikio jema na hifadhi njema. Shuleni alisikia wenzake wakiitikia, akaitikia. Kwangu alisikia wenzake wakisoma, akasoma. Miaka saba huko na miaka minne kwangu, na hapana mtu mzima hata mmoja aliyeketi naye peke yake, akamwekea kidole juu ya maandishi na akamsikiliza. Mimi ni mmoja wa watu hao.

Sasa na tutazame ilikuwaje zamani, ili tujue kilichopotea. Wazee wenzangu mwakijua chuo. Mtoto aliletwa kwa mwalimu, akaanzwa, akasoma alifu kwa kijiti katika ubao wake, kisha irabu, kisha Juzuu ya Amma. Chuo kizima kilikuwa na kelele, kila mmoja asoma lake, mgeni akipita adhani ni fujo. Lakini haikuwa fujo. Kila mtoto alikuwa mahali pake: huyu yuko Alam Tara, yule yuko Sabbihisma, na mwingine mkubwa kuliko wote bado yuko kwenye irabu, wala hapana aliyeona ajabu. Na kila siku lazima uende ukae mbele ya mwalimu, usome somo lako la jana, yeye akusikilize. Ukilijua, wapewa jipya. Usipolijua, warudi nalo. Hapakuwa na mwisho wa mwaka wa kuwapandisha wote kwa pamoja. Mtoto alihitimu siku aliyohitimu, awe na miaka minane au kumi na mitano.

Sisemi chuo kilikuwa pepo. Tulipigwa, na wengine tulipigwa kwa dhulma. Niliona mwenzangu akilimbuka fimbo kwa sababu ya kigugumizi ambacho Mwenyezi Mungu ndiye aliyemuumba nacho. Na wengi tulisoma bila kuelezwa maana ya tulichokisoma. Hayo ni makosa, na mtu akitaka kutuandikia makosa yetu ana haki. Lakini sikio la mwalimu lilikuwapo.

Wala shule za serikali za wakati wetu hazikukosa sikio hilo. Mwalimu wangu wa darasa la kwanza, miaka ya 1960, alikuwa ametoka chuo cha ualimu cha Mpwapwa, amevaa kaptura iliyopigwa pasi. Darasani tulikuwa kama arobaini. Alipita katikati ya madawati na kitabu, akagusa kichwa cha huyu: soma, akagusa cha yule: endelea. Hukujua atamgusa nani, kwa hiyo kila mmoja aliyafuata maandishi kwa jicho. Jumamosi, asiyeweza alibaki naye. Mwalimu yule hakuwa Mwislamu, na wazazi wetu walimheshimu kama walivyomheshimu mwalimu wa chuo.

Hapa yafaa niseme neno juu ya wazee wetu wa Pwani. Shule za serikali zilipoanza, za Wajerumani huku Tanganyika na za Waingereza kule Unguja, wazee wengi waliziogopa. Waliona herufi za Kiarabu zimewekwa kando na Qur'ani haimo, wakasema hii ni njia ya kuwatoa watoto katika dini, wakawazuia. Huko Unguja mwishowe ilibidi Qur'ani iingizwe shuleni ndipo wazazi wakalegea. Hofu yao ilikuwa na sababu, lakini hasara tuliyoipata kwa kukaa nyuma twaijua. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, katika magazeti yake ya miaka ya 1930 aliwasihi Waislamu wasiiache elimu ya dunia wakidhani wanailinda ya akhera. Basi asinielewe mtu vibaya akadhani nasema toeni watoto shule. Maneno yangu ni ya mtu adaiye chake: shule ni zetu, kodi ni zetu, na watoto ni wetu.

Yalibadilika lini? Sidhani ipo siku moja. Mwezi wa Novemba mwaka 1974 chama cha TANU kilikutana Musoma kikaazimia kwamba kila mtoto wa umri wa shule awe darasani ifikapo mwaka 1977. Azimio hilo lilikuwa jema, na mtu asiyelishukuru hana insafu, kwani watoto wa maskini na wasichana walioachwa nyumbani waliingia kwa wingi. Lakini walimu hawakuwapo. Ikabidi vijana waliomaliza darasa la saba wafunzwe vijijini mwao, huku wakifundisha, ndio wale tuliowaita walimu wa UPE. Wako miongoni mwao waliokuwa hodari kuliko wenye vyeti, nawajua. Lakini darasa la arobaini likawa la tisini, na mkono wa mwalimu ukawa haufiki tena kichwani kwa kila mtoto.

Wimbi likarudi mara mbili. Mwaka 2002 ada ya shule za msingi ilikuwa imefutwa, watoto wakafurika. Zikafuata shule za sekondari za kata, na walimu wake wengine walipewa mafunzo ya wiki chache tu baada ya kidato cha sita. Watu kwa kejeli wakawaita "voda fasta". Mwaka 2016 michango na ada vikaondolewa hadi kidato cha nne, watoto wakafurika tena. Majirani zetu nao wamepita njia hiyo hiyo: Uganda mwaka 1997, Kenya mwaka 2003. Ndugu zangu wa Mombasa na Lamu mwakumbuka madarasa yalivyojaa Januari ile. Kila mara mlango umefunguliwa, na kila mara aliyeko ndani ya kusikiliza ni yule yule mmoja.

Hebu tufanye hesabu, msomaji, kwa kidole. Hapa mjini kwetu nimeingia darasa la kwanza, nikahesabu watoto mia na ishirini. Kipindi ni nusu saa. Mwalimu akiacha yote, asifundishe neno, amsikilize kila mtoto tu, kila mmoja apata sekunde kumi na tano. Ni muda wa kusema Bismillahi na kumeza mate. Basi mwalimu afanyeje? Aandika ubaoni "baba analima", asema "semeni wote", nao husema wote, na aliye nyuma kabisa, aangaliaye dirishani, naye husema. Ukipita nje utasifu.

Kisha juu ya mzigo huo wakamwekea karatasi. Tangu mtaala wa mwaka 2005 mwalimu ameambiwa asiwe msemaji peke yake, mtoto ndiye awe katikati, wafanye kazi kwa vikundi, wagundue. Maneno mazuri! Lakini kikundi cha watoto kumi na wawili wenye kitabu kimoja nimekiona. Mmoja aandika, wawili wamtazama, tisa wapigana viwiko. Na mwalimu hana budi kujaza azimio la kazi, andalio la somo, na fomu za kila namna, kwa sababu mkaguzi akija (siku hizi aitwa mthibiti ubora, jina limerefuka) huanza na madaftari ya mwalimu. Ni nadra kumwona akimshika mtoto mkono na kumwambia, njoo unisomee.

Ndipo lilipokuja jambo ambalo mimi naliona baya kuliko yote, nalo halikunuiwa ubaya. Tangu mwaka 2012 mtihani wa darasa la saba husahihishwa na mashine. Mtoto apewa swali na majibu kadhaa, naye atia kivuli kwenye herufi ya jibu alichague. Hata hesabu ikawa hivyo kwa sehemu kubwa. Mashine haichoki, haili rushwa, haipendelei mtoto wa fulani. Hayo nayakubali. Lakini mashine haioni kama mtoto amesoma swali. Yaona kivuli. Na kivuli aweza kukitia mtoto kwa bahati, au kwa kumtazama jirani. Kijana wangu nilimwuliza, ulifanyaje? Akanijibu bila hila: "Sheikh, nilikuwa natia kwenye B, nikichoka natia kwenye C."

Usidhani ni huyu mmoja. Mwanzoni mwa mwaka 2012 Wizara ya Elimu yenyewe ilikiri kwamba zaidi ya watoto elfu tano waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza hawajui kusoma wala kuandika. Walifika mlangoni mwa sekondari, mahali ambapo masomo karibu yote hugeuka ghafla kuwa kwa Kiingereza, nao Kiswahili cha karatasi hawakijui. Matunda yake yakaonekana. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotangazwa Februari 2013, watoto 240,903 walipata sifuri, sita katika kila kumi. Nchi ikatetemeka. Waziri Mkuu akaunda tume, matokeo yakafutwa na kupangwa upya kwa kipimo kingine, na hata hapo walioanguka walibaki zaidi ya nusu. Wakati ule kila mtu alimlaumu mwenzake: serikali iliwalaumu walimu, walimu waliilaumu mishahara, wazazi waliilaumu simu. Wachache sana waliuliza kama watoto wale walipata kusikilizwa wakisoma walipokuwa na miaka saba.

Walioliuliza ni watu wa utafiti wa Uwezo. Mwaka 2010 walianza kupeleka vijana nyumba kwa nyumba, si shuleni, wakaketi na watoto kwenye mkeka, mmoja mmoja, wakawapa hadithi fupi ya darasa la pili wakasema soma. Basi! Hiyo ndiyo elimu yao yote, na ni kazi ya mwalimu wa chuo tangu na tangu. Wakakuta kwamba katika kila watoto kumi wa darasa la tatu, ni kama watatu tu waliweza kuisoma, na miongoni mwa waliokuwa wakimaliza darasa la saba, mmoja katika kila watano hakuiweza. Habari hiyo ilikuwa ndani ya nyumba zetu miaka yote. Hatukuijua kwa kuwa hatukuiuliza.

Nami nikaingia katika vitabu vyangu kutazama waliotutangulia walipimaje mwalimu. Katika sira imepokewa kwamba baada ya vita vya Badr walikuwako mateka wasiokuwa na mali ya kujikombolea, lakini wajua kuandika. Mtume (S.A.W.) akawafanyia fidia yao iwe kuwafundisha kuandika watoto wa Answari, na imetajwa kwamba ni watoto kumi kwa mateka mmoja. Kisa hiki twakitaja sana kwenye mahafali zetu kuonyesha cheo cha elimu. Lakini tazama na sharti lake. Mateka hakuachiwa kwa kuwa amefundisha siku kadhaa, wala kwa kuwa watoto wamehudhuria. Alikuwa huru watoto walipojua. Tena kumi, si mia na ishirini. Na Qur'ani yenyewe imetufikia kwa kusikilizwa: kila Ramadhani Jibril (A.S.) alidurusu na Mtume, na mwaka wa mwisho walidurusu mara mbili. Mpaka leo anayepewa ijaza ya kisomo hupewa na mtu aliyemsikia kwa masikio yake, na huyo alisikiwa na mwingine, mpaka juu.

Sasa nije kwetu wenyewe, maana nimeisema shule na sijaisema madrasa. Enyi ndugu, tumeiga ugonjwa. Tumejenga vyumba, tumenunua madawati, tumewashonea watoto sare, na hayo si mabaya. Lakini tumewapanga kwa umri, twawasomesha kwa kuitikia, na mwisho wa mwaka twawapandisha wote. Maulidi yakifika twawasimamisha jukwaani wakasome walichokihifadhi, baba apiga picha, mama atokwa na machozi, na sisi walimu twapokea bahasha. Mimi nina watoto sabini kwa saa mbili. Kila mmoja ningeweza kumpa karibu dakika mbili, na sikumpa. Kwa nini? Kwa sababu kuitikisha ni rahisi, na sauti yao ikipanda watu wa barabarani husema, mashaallah, sheikh afanya kazi. Kipi kilichonizuia zaidi ya hicho? Sina.

Tangu siku ile ya Januari nimebadili. Nilianza kwa kumwita kila mtoto peke yake, siku tisa mfululizo, nikamfungulia mahali asipopajua. Kati ya sabini, walioweza kusoma mahali popote walikuwa kumi na mmoja. Nikaona aibu hata kuliandika daftarini. Nikavunja madarasa ya umri. Wa hijai na wa hijai, wa irabu na wa irabu, hata kama mmoja ana ndevu. Wale kumi na mmoja nikawafanya makhalifa, kama ilivyokuwa katika vyuo vyetu vya zamani, kila khalifa awasikilize wadogo watano au sita, na mimi niwasikilize makhalifa kisha niwapitie wadogo kwa zamu.

Iko hadithi ya kuchekesha hapa. Mwishoni mwa karne ya 18 alikuwako kasisi mmoja wa Kiskoti, Andrew Bell, akisimamia shule ya yatima mjini Madras huko India. Aliwaona watoto wa chuo kimoja cha wenyeji wakiandika herufi mchangani na wakubwa wakiwafundisha wadogo. Akaichukua namna hiyo, akaiandikia kitabu mwaka 1797, na Uingereza ikaitumia katika shule za maskini kama kwamba ni uvumbuzi wake. Na hao watu wa Uwezo niliowataja, kipimo chao nacho walijifunza kwa Wahindi wa leo, ambao huwapanga watoto kwa kile wanachoweza kusoma na si kwa miaka yao. Kumbe jambo tulilolitupa jalalani wengine huliokota, wakalifuta vumbi, wakatuuzia.

Wazazi hawakufurahi wote. Baba mmoja, mtu mwenye karasha la kusagia mawe ya dhahabu na mkono wake mwepesi kwa sadaka, mwanawe alikuwa ahitimu Shaaban ile. Nikamwambia bado, mtoto ajua kwa moyo lakini hajui kusoma, mpe miezi minane. Akaniambia: "Sheikh, watu nimekwisha waalika." Nikamwambia nami nitakwenda kuwaomba radhi mmoja mmoja. Akamwondoa mtoto. Baada ya wiki sita nikaletewa kadi ya mahafali, mtoto yule yule, madrasa nyingine, picha yake ya rangi na cheti. Nilikwenda, kwa kuwa nimealikwa. Akasoma Tabaraka. Watu wakatoa takbira.

Huko serikalini nako mambo yabadilishwa tena. Sera ya elimu, toleo la mwaka 2023, yasema elimu ya msingi iwe miaka sita badala ya saba, na mtaala mpya umeanza kuingia madarasani tangu mwaka 2024. Waandishi na wanasiasa wabishana: sita au saba? Kiswahili au Kiingereza? Ufundi uanze lini? Ni mabishano yenye maana, siyadharau. Lakini mtoto asiyesikilizwa miaka saba hatapona kwa kutosikilizwa miaka sita. Lau ningeulizwa mimi, ningeomba jambo moja dogo: mthibiti ubora aingiapo shule, afunge madaftari ya mwalimu, achague watoto kumi wa darasa la pili bila kuchaguliwa na mtu, awasikilize wakisoma, na aandike hayo kabla ya jingine lolote. Na darasa la kwanza na la pili wapewe walimu walio hodari na wapewe wawili wawili, badala ya kuwafanya ni mahali pa kuwatupia wageni na wanaongoja kustaafu.

Nawe msomaji wa Tanga, wa Kilwa, wa Bagamoyo, usiseme hayo ni mambo ya Wasukuma na machimbo. Mtoto wako wa darasa la saba afanya mtihani ule ule, siku ile ile, na kivuli chake husomwa na mashine ile ile. Usiku huu, baada ya Isha, kabla hujaizima televisheni, chukua gazeti hili, mpe, mwonyeshe mahali popote, umwambie akusomee mistari mitano. Usimkaripie akikwama. Sikiliza tu. Kisha mpe msahafu ufanye vivyo hivyo. Kama wewe hujui kusoma, mwite jirani ajuaye akae nawe. Ukimaliza utajua kitu ambacho ripoti ya shule haikukuambia, na cheti changu mimi sheikh hakikukuambia.

Mtasema, na yule kijana? Mama yake alimnunulia sare, akaenda kidato cha kwanza. Nilimwambia aje kwangu kila siku baada ya Alasiri, akaja. Tulianza na ba, be, bi, kijana wa miaka kumi na minne, na mlango nikaufunga wadogo wasimwone. Mwezi wa Juni alikuwa asoma sentensi fupi. Lakini shuleni kila kitu kilikuwa Kiingereza, akaketi nyuma, akanyamaza kama alivyozoea. Likizo hiyo hakurudi. Amemfuata baba yake huko Geita, kwenye mwalo, akiosha mchanga wa dhahabu, kazi isiyomfaa mtoto wa umri wake, na mama yake amelia kwangu na sina la kumjibu.

Huwa anitumia salamu kwa sauti katika simu ya mwenzake. Mwezi wa Ramadhani uliopita, usiku wa ishirini na saba, simu yangu ililia nikaona ujumbe wa maandishi. Umeandikwa: "asalam aleku mwalim nimefuturu salama". Herufi zinakosekana, na jina hakutia, lakini namba naijua. Nilikaa nayo muda. Kisha nikamwandikia maneno manne, mafupi, ili ayaweze.